Hilo Jiwe ni Mama Yangu: Steven Universe Afika Mwadui

Nianze getini, kwa sababu hadithi hii ilinikamatia getini.

Katika sehemu ya tatu, kijana mgeni wa miaka kumi na minne, mnene kiasi, fulana yake ina nyota kifuani, anataka kutoka ndani ya mgodi wa Mwadui. Mlinzi anafanya kile wanachofanya walinzi wa migodi popote pale: vua viatu, geuza mifuko, pandisha fulana. Fulana inapanda. Kitovuni mwa kijana kuna almasi ya rangi ya waridi, kubwa kama yai la kuku. Mlinzi anaishiwa pumzi. Anauliza swali ambalo mlinzi yeyote angeuliza: hilo jiwe umelitoa wapi? Kijana anajibu bila hata kufikiri: "Ni mama yangu."

Nimelisoma tukio hilo mara nne. Mara zote nimecheka, halafu kicheko kikakata katikati. Aliyewahi kuangalia katuni ya Steven Universe anajua kijana hadanganyi. Jiwe lile kweli ni mama yake. Na aliyewahi kuishi jirani na mgodi anajua kwamba mlinzi naye si mtu mbaya, ana watoto, ana zamu, na jiwe la ukubwa ule likipita mikononi mwake kesho hana kazi. Wote wawili wana haki, na geti ni moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba ninachosoma si mchezo wa mwanafunzi aliyechoka kusoma fizikia.

Hadithi yenyewe ilinifikia kwa simu, picha za kurasa za kaunta buku, mwandiko wa kalamu ya bluu, sehemu saba. Haina jina. Mwandishi, ambaye ni kijana wa huku kwetu, ameomba nisimtaje, nami sitamtaja. Ameniruhusu niseme ninachofikiri, hata kama ni kibaya. Basi nitasema vyote.

Kwa ambao hawajaiona katuni

Steven Universe ni katuni ya Marekani iliyobuniwa na Rebecca Sugar. Ilianza kuonyeshwa Cartoon Network Novemba 2013, mfululizo wenyewe ukaisha Januari 2019, ikafuata filamu mwaka huohuo, kisha mwendelezo uitwao Steven Universe Future uliomalizika Machi 2020. Kwa juu juu ni katuni ya watoto: rangi laini, nyimbo, chipsi na vitafunwa vya ufukweni. Chini yake kuna kitu kizito.

Steven analelewa na walezi watatu: Garnet, Amethyst na Pearl. Hawa si binadamu. Ni mawe ya thamani yaliyo hai. Mwili wao ni mwanga tu. Jiwe ndilo wao wenyewe. Wakiumizwa, mwili hutoweka na wao hurudi ndani ya jiwe wakapumzike. Jiwe likivunjwa, basi tena. Mama yake Steven, Rose Quartz, aliuacha mwili wake ili mtoto azaliwe, na jiwe lake likabaki kitovuni mwa mwanawe.

Juu ya mawe yote wanatawala Almasi wanne: Mweupe, wa Njano, wa Bluu na wa Waridi. Miaka elfu kadhaa nyuma dunia yetu ilikuwa koloni la Almasi Waridi. Watu wake walikuja na mitambo, wakachoma ardhi, wakapanda mawe ndani yake. Mawe yakanyonya uhai wa udongo mpaka yakakomaa na kutoka yenyewe, yakiacha kuta zenye matundu na bonde ambalo halioti hata nyasi. Rose Quartz aliongoza uasi dhidi ya ukoloni huo. Halafu mwaka 2018, katika kipindi kiitwacho "A Single Pale Rose", tukaambiwa siri ambayo mashabiki walikuwa wakibishania kwa muda mrefu: Rose Quartz na Almasi Waridi ni mmoja. Mkoloni ndiye muasi. Samahani kama nimewakatia utamu, lakini bila hilo hamtaelewa lolote katika hadithi hii.

Sasa rudieni aya hizo mbili mkiwa mmekaa Shinyanga.

Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, Dk. John Williamson, aligundua mwamba wa almasi Mwadui. Ni moja kati ya bomba kubwa za kimberlaiti zinazochimbwa duniani, upana wake kama hekta 146. Oktoba 1947 likatoka humo jiwe la waridi la karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi yake ya mwaka huo. Likachongwa London, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalipachika katikati ya bruchi yenye umbo la ua.

Yaani almasi ya waridi iliondoka hapa ikaenda kugeuzwa ua. Na kwenye katuni, Almasi Waridi anajigeuza kuwa Rose, jina la ua. Sidai kwamba Wamarekani walituangalia sisi walipokuwa wakichora. Ninachosema ni kwamba shabiki wa Mwadui akiitazama katuni hii haoni tu hadithi ya kubuni ya mbali. Anaona ramani ya nyumbani iliyochorwa na mtu asiyejua kwamba anachora nyumbani kwa mwingine.

Hadithi yenyewe

Milembe, msichana wa miaka kumi na mitatu, anaishi Maganzo na babu yake. Babu alifanya kazi ya kuchagua mawe enzi za ujana. Sasa mgongo umepinda, macho yamechoka, lakini vidole bado vinajua. Usiku anatoka na chekeche na ndoo. Milembe anadhani babu amekuwa mbeshi uzeeni, kama wale vijana wanaoingia mgodini kinyemela. Anamfuata. Kumbe babu hatafuti almasi. Anaitafuta sauti anayoisikia tangu ujana wake, sauti inayotoka chini.

Sauti ni ya jiwe hai lililosahauliwa. Mwandishi amempa jina Changarawe, na hilo pekee linatosha kunifanya nimheshimu. Katika katuni mawe hupewa majina ya fahari. Huyu ameitwa kwa jina la kile kinachobaki kwenye chekeche watu wakishachukua wanachokitaka. Changarawe ni mfupi, ana madoa, alichelewa kutoka ardhini. Wenzake walikwisha ondoka. Hapo mwandishi anamkumbuka Amethyst wa kwenye katuni, ambaye naye alichelewa kutoka akajikuta peke yake. Ila Amethyst alipata walezi. Changarawe alipata giza la miaka elfu tano na zaidi, na baadaye kelele za mashine.

Steven anafika sehemu ya tatu kwa sababu jiwe lake nalo limeanza kusikia sauti hiyo. Halafu geti. Halafu wanunuzi wa mawe wa Maganzo, ambao wanamkuta amekaa kwenye benchi la mama lishe anakula wali maharage, na wanaanza kutaja bei huku wanatazama tumbo. Tukio hili ni la kuchekesha kweli kweli. Mnunuzi mmoja anataka kulipima jiwe bila kulitoa, kwa hiyo anampima Steven mzima, kisha anauliza kijana mwenyewe ana uzito gani ili apunguze. Mama lishe anawafukuza kwa mwiko. Sina la kuongeza hapo.

Sehemu ya nne na ya tano ni za mazungumzo: Steven anamuuliza babu habari za jiwe la 1947, Changarawe anasema alikuwa akilisikia likiimba karibu yake mpaka siku moja likanyamaza. Sehemu ya sita Shing'weng'we anaamka. Sehemu ya saba wote wanasameheana. Kuhusu hiyo ya saba tutagombana chini kidogo.

Chekechea, kusagwa, yakuti

Kilichonifurahisha kuliko yote ni lugha.

Kwenye katuni, mahali mawe yanapopandwa panaitwa kwa neno la Kiingereza la shule ya watoto wadogo. Kwa Kiingereza utani unaishia hapo: ni mahali pa watoto, tena ni bustani. Mwandishi wetu ameandika Chekechea, na ghafla neno limejaa kuliko lilivyokuwa kwao. Mtoto wa Mwadui akisikia chekechea anasikia pia chekeche na kuchekecha. Shule ya watoto na kazi ya kutenganisha jiwe na mchanga zimekaa ndani ya sauti moja. Katika sehemu ya pili Changarawe anauliza Chekechea ni nini, Milembe anamjibu ni shule, babu anasema hapana, ni kazi. Wote wako sahihi. Huwezi kuipata mistari hiyo kwa kutafsiri. Lazima uwe umesimama hapa.

Kuvunjwa kwa jiwe hakuitwi kuvunjwa. Kunaitwa kusagwa. Ukanda wetu huu, kuanzia Mwadui mpaka Geita, kila mtu anajua sauti ya karasha linaposaga mawe ya dhahabu usiku kucha. Babu anapomwambia Steven kwamba wachimbaji hawana njia ya kujua jiwe lipi lina mtu ndani, nilisikia baridi.

Halafu kuna Garnet. Kwenye katuni yeye ni muungano wa mawe mawili, Ruby na Sapphire. Kiswahili chetu cha zamani kinayaita yote mawili yakuti, tunatofautisha kwa rangi tu. Na wanajiolojia watakuambia hivyohivyo: ni madini ya aina moja, rangi ndiyo inayobadilika. Mwandishi ameliona hili na kuliweka katika sentensi moja fupi ya Changarawe, ambaye haelewi kwa nini watu wanashangaa yakuti mbili kuwa kitu kimoja. Neno "muungano" nalo linacheza vizuri kwa masikio ya Kitanzania. Babu anauliza kama kwenye muungano wao kuna kero. Nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Lakini mstari bora wa hadithi nzima ni wa sehemu ya pili. Steven bado hajafika. Milembe anamwambia Changarawe kwamba wageni ndio waliompanda humo ardhini. Changarawe anakataa: "Sikupandwa. Nilipanda."

Maneno mawili tu. Kupandwa kama mbegu, na kupanda kama mtu anayepanda mlima. Na ni kweli kisayansi pia: almasi hutengenezwa chini sana, zaidi ya kilomita mia moja, kisha hupandishwa juu na milipuko ya volkano ya kale. Katuni ya Wamarekani inasema mawe yaliletwa kutoka juu yakachomekwa ardhini. Mtoto wa Mwadui anajibu: hapana bwana, ya kwetu yalikuja yenyewe kutoka chini, ni ya hapa. Katika maneno mawili ameigeuza hoja nzima ya nani mwenyeji na nani mgeni. Ningejivunia kuandika mstari huo, na nimeanza kuandika kabla yeye hajazaliwa.

Sasa mabaya ya lugha. Kauli ya "mwisho wa siku" imetokea mara kumi na moja. Nimehesabu. Hiyo si Kiswahili, ni Kiingereza kilichovaa kanga. Ukitaka kusema hatimaye, sema hatimaye. Pia babu, ambaye sehemu ya kwanza anaongea kama mzee wa Kisukuma, anayeanza na "mwangaluka" na kuuliza habari za mifugo kabla ya jambo lenyewe, akifika sehemu ya tano anaanza kuongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari: miaka, karati, majina. Mwandishi alifanya utafiti, vizuri, lakini utafiti wote ameutia mdomoni kwa mzee. Mzee aliyeishi na jiwe hahesabu karati. Anaonyesha kwa kidole gumba.

Shing'weng'we

Kwenye katuni kuna kitu cha kutisha kilichozikwa katikati ya dunia: vipande vya mawe yaliyovunjwa vitani, vimeshikizwa pamoja kwa nguvu, vinasubiri siku ya kuumbika mwili mmoja mkubwa utakaoipasua sayari. Steven hakipigi kitu hicho. Anazungumza nacho, mpaka vipande vinaanza kufarijiana vyenyewe.

Mwandishi wetu amekiita Shing'weng'we. Kwa wasiotoka Usukumani: Shing'weng'we ni zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao. Alibaki mwanamke mmoja tu mjamzito aliyejificha. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto akakua, akauliza, mama, watu wako wapi? Akaambiwa. Akaanza kuwinda, akiua mdudu au mnyama anamletea mama yake na kuuliza kama ndiye Shing'weng'we, na mama anasema bado mwanangu, bado. Mwisho akalipata zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka hai. Mimi niliisikia kwa bibi yangu, nanyi wengine mmeisikia kwa bibi zenu.

Kumwita yule mkusanyiko wa vipande Shing'weng'we ni wazo zuri sana. Zimwi lililomeza watu na zimwi lililotengenezwa kwa watu waliosagwa ni ndugu. Steven na Masala Kulangwa nao ni ndugu: watoto wawili waliozaliwa kwenye msiba ambao hawakuusababisha, na wote wanaanza kwa kumuuliza mzazi swali lilelile, watu wako wapi.

Na katika sehemu ya sita mwandishi anafanya jambo la kiutu uzima. Shing'weng'we anapoamka, hatoki na meno. Anatoka kama tope. Tope linashuka taratibu, la kijivu, linaingia mashambani. Hataji tarehe wala kijiji. Anaonyesha kihenge kimoja cha mtama kinachojaa tope mpaka juu na kuku aliyekaa kileleni. Msomaji wa Kishapu hahitaji kuelezwa zaidi. Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi lilipasuka, na tope likafika kwenye mashamba na makazi ya watu. Waandishi wengi wakubwa wangepiga kelele hapo. Huyu ametupa kuku.

Tunapogombana

Sasa sehemu ya saba.

Shing'weng'we anatulizwa. Almasi Waridi anamtokea Steven ndotoni na kuomba radhi. Changarawe anamsamehe. Shimo la Mwadui linaota nyasi usiku mmoja. Babu anatabasamu. Wote wanakumbatiana, jua linachomoza. Kwisha.

Hapana, mdogo wangu. Hapana.

Najua ulikolitoa. Katuni yenyewe ina udhaifu huu huu, na mashabiki wengi wamelalamika: Almasi waliovunja maelfu na kunyonya sayari, wanaishia kutulizwa kwa machozi na mazungumzo ndani ya muda mfupi, kana kwamba ukoloni ulikuwa ugomvi wa ndani ya familia. Katuni inaweza kujitetea. Ni ya watoto, na shida yake kubwa ni mtoto mmoja na mama yake. Steven anapomsamehe mama, anasamehe kilicho chake. Lakini wewe umeihamishia Mwadui. Umemleta babu. Umeleta kihenge. Ukishaleta kihenge kilichojaa tope, msamaha si mali ya Steven tena. Ni wa mwenye kihenge, naye hajaulizwa. Babu yako sehemu nzima ya saba hasemi neno hata moja, anatabasamu tu. Mzee aliyepinda mgongo, aliyesikia sauti chini ya ardhi maisha yake yote, umempa kazi ya kutabasamu.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ulikuwa nayo mkononi. Umemchukua Shing'weng'we ukamwacha bibi mwenye sikio.

Wanaoikumbuka hadithi yote wanajua: Masala Kulangwa alipolipasua tumbo la zimwi, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Watu wote wanashangilia, wanamfanya mkombozi wao, na bibi kasimama pale na sikio linachuruzika damu, ana hasira, hataki kusikia habari za ukombozi. Anataka kumdhuru aliyemwokoa. Na kijana hawezi kumwambia bibi, nyamaza, nimekuokoa. Inabidi aumalize ugomvi ule kwanza, amtibu jeraha lake. Wazee waliotunga hadithi hiyo hawakuwa wajinga. Walijua kwamba hata kisu cha mkombozi kinakata, na kwamba hadithi haiishi zimwi likifa. Inaisha bibi akitibiwa.

Bibi huyo ndiye aliyekosekana sehemu ya saba. Ungeweza kumfanya babu awe bibi yule. Ungeweza kumfanya mlinzi wa getini, ambaye nina hakika alifukuzwa kazi baada ya Steven kupita, na wala hatumsikii tena. Mtu mmoja tu wa kusema: sawa, dunia imepona, na sikio langu je?

Na shimo lisiote nyasi. Tafadhali. Liache shimo.

Kuhusu "kudandia"

Kuna watu watasema hii si fasihi, ni kudandia gari la mwenzio. Wahusika si wake, ulimwengu si wake, atunge vyake.

Mimi hoja hiyo hainishiki, kwa sababu Kiswahili chenyewe kimejengwa hivyo. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad enzi za Harun al-Rashid. Pwani wakampenda, wakamwita Abunuwasi, na mpaka leo anafanya ujanja ambao mshairi yule hakuwahi kuuota. Mwengo bin Athumani alipotunga Utenzi wa Tambuka mwaka 1728 alikuwa akisimulia upya vita ambavyo masimulizi yake yalikuwa yameshazunguka dunia ya Kiislamu. Muhammed Said Abdulla alipotupa Bwana Msa, mwenye kiko na rafiki yake Najum, katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, nani hakumwona Sherlock Holmes amevuka bahari akafika Unguja? Kisha akawa wetu. Hakuna anayemdai Abdulla kodi ya London.

Swali la maana si kama umeazima. Ni kama ulichoazima kimepata kitu kipya mikononi mwako. Chekechea imepata kitu. Geti limepata kitu. "Sikupandwa, nilipanda" haikuwepo duniani mpaka mtu wa Mwadui alipoiandika. Hapo deni limelipwa.

Pale ambapo kuazima kumemshinda ni kwa Garnet. Ukiacha ule utani wa yakuti mbili, Garnet kaja ukurasa mmoja, kasimama nyuma na miwani yake, kaondoka. Kwenye katuni yeye ndiye mhimili: Ruby na Sapphire wanapendana, wanafunga ndoa, na muungano wao ndio uhai wake. Naelewa ugumu. Juni 2017 bodi ya filamu ya Kenya ilipiga marufuku katuni sita kwa madai ya kueneza ushoga, na Steven Universe ilikuwa mojawapo. Mwanafunzi anayeandika kwenye kaunta buku ambalo mwalimu anaweza kulifungua wakati wowote ana sababu ya kupita kimya. Simlaumu kwa hilo. Lakini kama huwezi kumweka mhusika akiwa mzima, usimwite kabisa. Garnet aliyekatwa moyo ni mnara tu barabarani. Hadithi hii ingesimama vizuri bila yeye, ikimwachia Changarawe nafasi yote.

Isomwe?

Isomwe. Tena isomwe na watu wa Mwadui, Maganzo, Shinyanga mjini, mpaka huko Geita kwenye maduara, hata ambao hawajawahi kuona dakika moja ya katuni. Kwa zaidi ya miaka themanini mawe yameondoka hapa yakaenda kupata majina kwingine. Lile la 1947 linaitwa kwa jina la Williamson. Sasa kuna jiwe moja, la kubuni, dogo, lenye madoa, lililobaki na kuitwa kwa Kiswahili, na aliyelibatiza ni mtoto wa hapa.

Mdogo wangu, futa "mwisho wa siku" zote kumi na moja. Mrudishie babu kidole gumba chake. Halafu andika sehemu ya nane. Ianze asubuhi baada ya kukumbatiana kote huko, pale getini, mlinzi mpya yuko zamu na yule wa zamani amekuja kudai mshahara wake wa mwezi. Babu yupo kwenye foleni nyuma yake. Mwache babu aongee.

Nitumie hata kama ni picha zenye kivuli cha kidole chako pembeni. Nitasoma.